Ua wa Baba

Mtamba wetu alianza kukataa majani siku ya Jumatatu. Kufika Jumatano macho yake yalikuwa ya njano, na hakutaka kabisa kutoka chini ya mwembe. Ukimvuta juani, anarudi kivulini. Alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, na ni kwenye ule weupe tu ngozi ilikuwa inapasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta ulionyeshewa. Mama alisema ni ndigana. Jirani alisema ni jicho la mtu. Mimi, niliyekuwa nimekuja likizo kutoka Mwanza nikiwa na simu yenye bando, nilisema tumwite bwana mifugo, nikajiona nimesema la maana.

Bwana mifugo alifika Alhamisi na pikipiki yake. Hakuanza na ng'ombe. Alisimama palepale kwenye njia ya kuingilia, akautazama ua unaozunguka nyumba yetu, kisha akauliza, "Mayu, huyu mnamlishia wapi?"

"Nimlishie wapi, baba, na majani yenyewe hayapo?" mama akajibu. "Anajitafutia humu humu."

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2022. Mvua zilikuwa zimechelewa, na hapa Katoro kila kilichokuwa kijani kilikuwa kimegeuka rangi ya vumbi la barabara. Kila kitu isipokuwa ua wetu. Wenyewe ulikuwa umestawi, umejaa maua ya njano na ya pinki, ndege wanapigana ndani yake.

Bwana mifugo akachuma tawi moja, akasugua jani kiganjani, akaninyooshea ninuse. Harufu ile naijua tangu utotoni, kali, kama limau lililomwagikiwa mafuta ya taa. "Ng'ombe wenu kala hii lantana," akasema. "Sumu yake inakwenda kwenye ini. Ini likichoka, ngozi haihimili jua." Alimnywesha mkaa uliosagwa na kukorogwa kwenye maji, akasema tusimtoe kivulini, akatuonya pia tusijipe matumaini makubwa. Tumbo la ng'ombe aliyekula lantana husimama, na tumbo lililosimama hubaki kuwa ghala la sumu. Sumu inaendelea kuingia mwilini kidogo kidogo hata kama mnyama hali tena.

Alikufa Jumamosi alfajiri. Tulikuwa tumemnunua mnadani miezi miwili kabla, na hesabu ya mama ilikuwa kwamba akishika mimba atauzwa kwa bei nzuri, awe ada ya mdogo wangu chuoni. Kumbe ugeni wake ndio uliomponza. Ng'ombe waliozaliwa penye mmea huu kwa kawaida huupita bila kuugusa. Anayeula ni mgeni, au mwenye njaa. Wetu alikuwa vyote viwili.

*

Nyumbani hatukuwahi kuuita lantana. Tuliuita michongoma, jina ambalo watu hulipa karibu kila mmea wenye miiba unaopandwa kuwa uzio. Nadhani msomaji anayependa maneno ataelewa haraka tatizo lake: jina pana mno huficha zaidi ya linavyoonyesha. Waganda wana jina lake hasa, kayukiyuki. Wajaluo wanauita nyabend winy, na hilo "winy" ni ndege, kwa hiyo jina lenyewe limeshakwambia nani anausambaza. Sisi tulikuwa na michongoma tu, na kwenye michongoma kila kitu kimo.

Ukitaka kuujua bila kuukosea, anza na shina. Shika tawi changa taratibu kati ya vidole. Si la duara, lina pembe nne, na kwenye pembe hizo kuna vimiiba vifupi vilivyopinda kurudi nyuma. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, yanakwaruza kama ulimi wa paka, na kingo zake zina meno madogo. Maua ni madogo sana, yamekusanyika kwenye kishada kisichozidi kifuniko cha soda, nayo hubadilika rangi kadiri yanavyozeeka. Ya katikati, ambayo ndiyo kwanza yanachanua, ni ya njano, na ya pembeni yameshageuka kuwa ya rangi ya chungwa, ya pinki au mekundu. Kishada kimoja, rangi mbili tatu. Matunda huanza kijani, yakiiva yanakuwa meusi yanayong'aa. Sisi tuliyala tukienda shule mpaka midomo ikawa myeusi, na tulijua, sijui nani alitufundisha, kwamba yaliyo kijani hayaguswi.

Nasema "bila kuukosea" kwa sababu mimi niliukosea. Siku moja baada ya kumfukia ng'ombe nilichukua panga kwa hasira, nikaanzia nyuma ya choo, ambako kulikuwa na kichaka chenye majani ya kukwaruza na harufu kali. Nikakifyeka chote. Mama akatoka na ungo mkononi. Hakupiga kelele. Aliokota tawi akanionyesha: viua vidogo vyeupe, mwiba hata mmoja hakuna.

"Hii ni dawa yangu ya kifua," akasema. "We umesoma, ila macho yako hayajasoma."

Baadaye nilikuja kujua kwamba kile kichaka kinaitwa kitaalamu Lippia javanica. Ni mwenyeji wa Afrika, wa ukoo mmoja na lantana, na katika nchi nyingi za bara hili watu huchemsha majani yake kutibu kikohozi na mafua. Nilikuwa nimemuua ndugu mwema na kumwacha mhalifu amesimama palepale, maua kichwani.

*

Ua wetu aliupanda baba. Alinunua kiwanja mwaka 1996 kwa fedha ya dhahabu kutoka kwenye maduara ya upande wa Rwamgasa. Enzi hizo Katoro ilikuwa inakua kama uyoga. Watu walikuwa wanakuja kutoka kila upande, Wasukuma, Wazinza, Waha, Wahaya, Wajita, na kiwanja kimoja kiliweza kuuzwa mara mbili kwa wiki moja. Hakukuwa na jiwe la mpimaji. Mtu akitaka kiwanja kijulikane ni chake, lazima akizungushie kitu, na akizungushie haraka.

Usukumani uzio wa kienyeji ni minyaa. Baba angeweza kupanda minyaa, kila mtu alikuwa nayo. Lakini mama ananiambia kwamba jioni moja alimwona anakuja na baiskeli, amefunga nyuma mzigo wa vijiti vyenye majani, ameviomba kwa mtu aliyekuwa na bustani nzuri barabarani. Mama alikuwa ana miezi michache tu tangu aolewe.

"Baba yako hakuwa mtu wa maneno," anasema. "Alileta ua."

Nikimsikiliza siwezi kujua ni ua upi anausema. Lugha yetu ina mchezo wake hapa. Kuna ua la bustanini, kuna ua wa nyumba, na kuna ua, kitenzi kile ambacho mtu akikisikia usiku anafunga mlango. Viwili vya kwanza vinatenganishwa na ngeli tu, ua la na ua wa. Cha tatu hakina hata ngeli ya kukitambulisha. Baba alileta la kwanza ili liwe wa pili. Ilituchukua miaka ishirini na sita kukutana na cha tatu.

Hakuwa wa kwanza kuvutwa na uzuri wake. Lantana asili yake ni Amerika, kule kwenye joto, ya kati na ya kusini na visiwa vya Karibi. Waholanzi waliipeleka Ulaya katika karne ya 17 kuwa pambo la bustani. Mwaka 1753 Linnaeus akaiandika kwenye kitabu chake cha mimea kwa jina la Lantana camara. Watunza bustani wa Ulaya wakaichanganya aina kwa aina ndani ya nyumba zao za vioo, wakitafuta rangi mpya. Kwa hiyo lantana iliyotawanyika duniani kupitia makoloni ni kizazi cha mchanganyiko: nyingine ina miiba mingi, nyingine michache, na hata ukali wa sumu unatofautiana. Leo imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, ile iliyotolewa na shirika la uhifadhi la IUCN.

Uchanganyiko huo umewatesa waliojaribu kuidhibiti kwa wadudu. Jaribio la kwanza linalojulikana sana lilianza Hawaii mwaka 1902, baada ya mtaalamu wa wadudu aitwaye Albert Koebele kutumwa Mexico kutafuta wanaoila lantana kwao. Walipatikana, wakasafirishwa, wengine wakashika makazi, lakini mdudu anayependa aina moja huidharau nyingine. Na huku kwetu Afrika Mashariki kuna kisa cha kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Miaka ya 1960 Uganda iliachia mdudu mmoja mdogo mwenye mabawa kama lesi ili aimalize lantana. Mdudu akaila kweli. Kisha akaonekana kwenye mashamba ya ufuta, naye anakula.

*

Bwana mifugo, siku ile alipokuwa ananawa mikono, alisema neno ambalo lilimfanya mama ageuke. Alisema, "Huu ni mmea vamizi, mayu. Inabidi muung'oe wote."

Kwa mtu wa Arusha au Dar es Salaam hilo ni neno la kitaalamu tu. Kwetu sisi watu wa mkanda wa dhahabu, mvamizi ni mtu. Ni yule kijana anayeruka uzio usiku kuingia kwenye leseni ya mwingine na tochi kichwani. Ni neno la walinzi na la taarifa ya habari. Baba aliitwa hivyo. Alichimba mahali ambapo yeye na wenzake walikuwa wamechimba miaka kadhaa, kisha siku moja wakaambiwa pana mwenyewe, na kuanzia asubuhi ile wakawa wavamizi bila kuhama hata hatua moja. Alirudi nyumbani na jeraha la mguu ambalo halikupona vizuri mpaka alipofariki mwaka 2009.

Kwa hiyo mama aliposikia "vamizi" aliangalia ule ua, halafu akamwangalia yule bwana, akasema kwa upole, "Haukuvamia. Uliletwa."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria mengi niliyosoma. Lina ukweli ndani yake. Hakuna kichaka cha lantana kilichovuka Atlantiki kwa miguu. Kililetwa na watu waliokipenda, kikapandwa na watu waliokihitaji, na kikaenea pale ambapo ardhi ilikuwa imeshajeruhiwa. Katoro hilo unaliona wazi. Maduara yanahitaji matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, matimba yanatoka porini, na pori likishakatwa, jua linafika chini. Ndege anatua kwenye kisiki, anaacha mbegu. Lantana inapenda mwanga, inapenda ukingo wa njia, inapenda udongo uliofukuliwa. Haiingii kwa urahisi kwenye msitu uliofunga. Sisi ndio tunaoifungulia mlango.

Lakini jibu la mama halikumrudisha mtamba. Kujua aliyeuleta ni jambo moja, kuukubali uendelee kuua ni jambo jingine, na nilimwambia hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kugombana na mama tangu msiba wa baba. Alisema nataka kumfukua mume wake. Nilisema nataka kumlinda ng'ombe atakayekuja. Tulilala bila kusemezana.

*

Aliyetupatanisha ni baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye anaishi Buseresere, kilomita chache tu kutoka hapa. Alipoambiwa habari ya kung'oa ua, alicheka. "Kumbe zamu ya kufyeka imefika kwenu," akasema.

Babu yetu alikuja Geita kutoka Kwimba miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa inafungua huku kwa kufyeka pori na kumfukuza mbung'o ili Wasukuma waliojaa kule wapate pa kulishia. Kufyeka huko kulikuwa na historia ndefu. Tangu miaka ya 1920 na 1930, Shinyanga, watu kwa maelfu waliitwa kila kiangazi kwenda kukata vichaka. Hapo Shinyanga ndipo Mwingereza Swynnerton alipoweka makao ya utafiti wa mbung'o, mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Aina moja ya mbung'o hadi leo ina jina lake. Mbung'o alirudi nyuma kweli, na ng'ombe wakaongezeka. Ila pamoja na haja ya mashamba ya pamba na kuni, miti iliendelea kukatwa, na ikafika mahali Shinyanga ikatajwa kama mfano wa jangwa linalokuja. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuwarudisha watu kwenye ngitili, yale maeneo ya malisho yaliyofungwa ambayo mababu walikuwa nayo. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Yaani tulitumia nusu karne kutoa vichaka, kisha tukapewa tuzo kwa kuvirudisha.

"Kichaka kinashika kitu," baba mkubwa alituambia. "Kinashika mdudu, kinashika udongo, kinashika mpaka. Usikitoe kabla hujajua kimeshika nini."

Kuhusu mdudu alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwaka 1964, Alego, magharibi mwa Kenya, ugonjwa wa malale ulizuka na mbung'o wakakutwa wamejificha kwenye vichaka vya lantana vinavyozunguka nyumba. Busoga, Uganda, kuanzia mwaka 1976, ilikuwa hivyohivyo: mashamba ya kahawa na pamba yaliyotelekezwa yalimezwa na lantana, mbung'o wakapata kivuli cha kuishi karibu na watu. Niliposimulia hayo, mama alikaa kimya. Kisha akauliza swali la maana kuliko yote: "Sasa tukiutoa, mpaka utakuwa wapi?"

*

Hapo ndipo penye mwiba hasa. Baba alipanda mstari mmoja wa vijiti. Lantana haikai kwenye mstari. Tawi likigusa udongo wenye unyevu linaota mizizi, na lile tawi linazaa tawi jingine. Upande wa mashariki, ule tunaopakana na jirani, ua ulikuwa umenenepa mpaka kufikia hatua tano. Mama alihesabu mpaka wake kuanzia ukingo wa nje. Jirani alihesabu wake kuanzia ukingo wa ndani. Kwa miaka zaidi ya kumi wote wawili walikuwa wanamiliki kichaka kilekile, na walishafikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji mara mbili.

Tuliandikishana kwenye daftari mbele ya mwenyekiti: tutang'oa kwanza, kisha tutapima pamoja, kisha tutapanda katani, ambayo Usukumani kila mtu anajua kuwa ni alama ya mpaka na haitembei. Pande nyingine tungepanda minyaa. Mama alikumbusha kwamba utomvu wa minyaa nao ukiingia jichoni ni balaa. Tukakubaliana kwamba hakuna ua usiouma.

Tulianza Julai 2023, ardhi ikiwa kavu. Kabla ya hapo jirani alikuwa ameshajaribu njia yake. Alichoma kona moja mwaka uliotangulia, moto mkubwa, moshi mtaa mzima, na mvua ziliponyesha visiki vikachipua kwa fujo kuliko mwanzo. Moto unaondoa majani. Shina linabaki chini limetulia, linasubiri. Kufyeka kwa panga ni vilevile, ni kama kumnyoa mtu nywele ukidhani umemdhoofisha.

Tuliajiri vijana wawili waliokuwa wamepanda kutoka kwenye duara lililojaa maji. Sururu walikuwa nazo. Utaratibu ulikuwa huu. Kwanza unakata matawi mpaka urefu wa goti, ili uone unachofanya na ubaki na mahali pa kushika. Matawi unayaburuza mpaka pakavu, unayarundika juu ya mawe, usiyaache yalale kwenye udongo. Kisha unachimba kulizunguka shina mpaka chini ya kile kifundo kinene ambako mizizi inaanzia, maana machipukizi yanatoka hapo. Kifundo chote kitoke. Ukikikata katikati umefanya kazi bure. Mizizi unaigeuza iangalie juu, jua likaushe.

Mahali ambapo mashina yalikuwa yamebanana na ukuta wa jiko, hatukuweza kuchimba. Pale tulinunua dawa ya magugu duka la pembejeo, tukaikata ile miti karibu na ardhi na kupaka dawa kwa brashi kwenye kidonda kibichi, dakika ileile, kabla hakijakauka. Hatukunyunyiza hewani. Kisima kipo karibu, na mchicha wa mama upo karibu zaidi.

Siku ya tatu, upande wa mashariki, sururu ililia. Kijana akainama akatoa jiwe jeupe, kubwa kama kichwa cha mtoto. Hatua chache mbele, jiwe jingine. Kisha jingine. Mawe meupe ya duarani, yale yanayobeba dhahabu, yamepangwa kwa mstari mmoja chini ya mizizi kama shanga kwenye uzi. Mmoja wa vijana hakusubiri kuulizwa. Alipasua jiwe kwa nyundo, akalilowesha kwa mate, akaligeuzageuza juani.

"Kuna kitu?" jirani akauliza kutoka upande wake.

"Hamna kitu," akajibu. Hata hivyo jioni ile mtoto mmoja alionekana anaelekea kwenye karasha na mfuko mzito.

Mama alikuwa amekaa chini. Alikumbuka. Baba aliyabeba yale mawe kutoka kazini, moja moja, akayazika kabla ya kupanda vijiti. Alikuwa amemwambia, naye amesahau, au hakutaka kukumbuka. Ule ulikuwa ndio mpaka. Na haukuwa kwenye ukingo wa nje ambako mama alikuwa anapahesabia. Ulikuwa ndani, hatua mbili na nusu. Kipande chote ambacho mama alikuwa amepanda mihogo, miaka kumi na zaidi, kilikuwa cha jirani.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mwenyekiti alijifanya anaandika. Kisha mama akasimama, akajikung'uta vumbi kwenye kitenge, akasema kwa sauti ya kusikika pande zote mbili, "Baba yao alikuwa mkweli. Ua ndio ulikuwa unadanganya."

Jirani, ambaye kwa miaka yote hiyo nilimjua kwa kelele tu, alimjibu kwamba mihogo aivune, hana haraka. Katani zilipandwa siku hiyohiyo, kila moja pembeni ya jiwe.

*

Ningependa kumalizia hapo, lakini lantana haina kumalizia hapo. Mwaka 2012 watafiti walioangalia karne mbili za kupambana nayo Australia, India na Afrika Kusini waliipa makala yao kichwa kinachouliza kama vita hivi vimeshapotea. Wakulima, serikali na wanasayansi wamekata, wamechoma, wamenyunyiza, wameachia wadudu, na bado inashikilia mamilioni ya hekta. Kusini mwa India kuna jamii za msituni zinazoichukua miti yake na kutengeneza viti na meza. Hawajaimaliza, ila wameifanya itumike.

Sisi kiwanja chetu ni kidogo, na kiwanja kidogo kina nafuu yake: mtu anaweza kukizunguka kwa miguu kila asubuhi. Mbegu zilizobaki kwenye udongo zinaendelea kuota miaka kadhaa baada ya mti mama kutoka, na ndege wanaleta nyingine kutoka kwa watu. Kila mvua zikinyesha, miche inajitokeza kando ya katani. Hapo ndipo kazi ni rahisi, udongo ukiwa umelowa, mche ukiwa haujazidi kidole: unaubana kwa vidole viwili, unatoka na mzizi wake wote. Mama anafanya hivyo akitoka kufungulia kuku. Tumepanda majani ya malisho pale ulipokuwa ule unene, kwa sababu ardhi tupu ni karibisho.

Na kuna mmoja uliobaki. Nilipokuja Krismasi niliukuta mlangoni, kwenye kopo la rangi, umekatwa umekuwa mfupi kama mtoto. Nilifungua mdomo. Mama alikuwa ameshajiandaa. Alinionyesha jinsi anavyofanya: kila kishada kikianza kunyauka, kabla hakijafunga tunda, anakichuma na kukitupa motoni. Hakuna tunda, hakuna mbegu, hakuna ndege. Ng'ombe hafiki mlangoni. Kitaalamu ningekushauri usifanye hivyo, kwa sababu inatosha kuugua wiki moja tu, ukasahau. Nilimwambia hivyo. Alisema akiugua nitakuwepo.

Sasa kila nikishuka kwenye basi na kufika nyumbani, jambo la kwanza nainama kwenye lile kopo natafuta matunda ya kijani. Safari iliyopita mama alisimama mlangoni akanisubiri nimalize.

"Mwangaluka," akasema. "We mtoto, unasalimia nani kwanza? Mimi, au ua?"